Mke Mwenza Kutoka Durban

Asubuhi ile ya mwisho Chiku alimwamsha mjukuu wake kwa kumvuta kidole gumba cha mguu.

"Amka, mwizi wa waume. Mwenye mume keshamaliza kazi, mgeni bado umejikunja kama jongoo."

Mjukuu wake, Zuhura, miaka minane, alivuta blanketi juu ya kichwa. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeshika meno. Ndoo ya maji iliyolala roshani ilikuwa na ngozi ya barafu juu yake. Chiku alikuwa ameshakaanga maandazi ya biashara, beseni limejaa na kufunikwa kitambaa, chumba kizima kinanuka hiliki na mafuta. Mumewe, Bakiri, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kiatu cha shule cha Zuhura magotini, anashona soli. Kazi yake ndiyo hiyo, fundi viatu.

"Chai ya mke mdogo iko pale," Chiku alisema. "Nimeitemea mate."

Mtoto akatoa kichwa nje ya blanketi. Akamtazama babu yake. Bakiri hakuinua uso, ila alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayetoa ruhusa. Basi Zuhura akaketi juu ya godoro, akakaza mikono kwenye magoti. Wiki tatu nzima alikuwa anasikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Maisha yake yote hakuwahi kutoa sentensi nzima ya lugha ya bibi yake. Siku hiyo akaitoa.

"Wewe tangulia kufa. Mimi baki na mume."

Chiku alibaki na kikombe mkononi. Kisha kicheko kikampata. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya unga, kifuniko kikabonyea. Akamrudisha mtoto kuisema tena. Akagonga ukuta wa mbao kumwita jirani yao Jocelyne, msusi, Mkongo wa Lubumbashi, aje naye asikie. Jocelyne akaja na chanuo kichwani, akasikia, akapiga makofi.

"Hata kwetu kambo, ndiye bibi, na mujukuu banatukanana hivyo," alisema. "Mama Chiku, leo umepata mutu."

Mtoto alipokwenda kuoga mwisho wa ukumbi, akiruka ruka kwa baridi na kwa fahari, Chiku alifuta macho kwa pindo la khanga, akamwambia mumewe neno moja fupi. Bakiri naye akacheka, uzi katikati ya meno. Neno hilo hakumwambia mtu mwaka mzima.

Alasiri ya siku hiyo Chiku alikuwa maiti.

Alikuwa mtu wa Pangani. Mwembamba, mweusi tii, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo Bakiri alimwekea soli mbili upande wa kushoto miaka yote ya ndoa yao. Jina lake lilimfaa: alikuwa na maneno mengi kuliko ndege chiriku. Bakiri hakuwa nayo. Alikuwa akisema kwamba yeye na mkewe wana mdomo mmoja, na mwenye kuutumia ni Chiku.

Kwao Pangani, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Wamezaliwa wamekuta hivyo. Bibi humtukana mjukuu, mjukuu humrudishia bibi, na babu hukaa katikati kama bwana mkubwa asiye na kitu. Mtoto anayejibu vizuri husifiwa mtaa mzima. Asiyejibu huulizwa kama ana homa. Lakini mama na mwanawe hawataniani. Hapo ni adabu na fimbo. Mapenzi ya mama hupita kwenye sahani ya wali. Ya bibi hupita kwenye matusi.

Walifika Johannesburg zamani, kwa mabasi, nchi baada ya nchi, binti yao wa pekee Shufaa akiwa mgongoni, miaka mitatu. Walipanga Alexandra. Chiku aliuza maandazi, Bakiri alishona viatu chini ya turubai. Bibi zake Shufaa walibaki nyumbani wakafa huko mmoja baada ya mwingine, habari zikaja kwa simu. Kwa hiyo Shufaa hakuwahi kutukanwa na bibi. Hilo Bakiri hakulifikiria mpaka lilipokuwa halina faida.

Mwezi wa tano wa 2008 watu walipowageukia wageni pale Alexandra, walikuja kwao pia. Walichukua vyombo, godoro, sanduku la vifaa vya Bakiri. Kijana mmoja alijitwika jiko la gesi la Chiku kichwani. Chiku akamfuata mpaka uchochoroni, akamwambia kwa Kizulu kwamba amesahau mpira wa gesi, sasa ataivisha uji kwa pumzi za matako. Wenzake kijana wakacheka. Waliocheka hawakupiga. Jirani yao wa nyumba ya tatu, ambaye aliomba kwa machozi, alipigwa mpaka akapoteza jicho.

Baada ya hapo walihamia katikati ya mji, ghorofa ya nne ya jengo lililokuwa ofisi, vyumba vimegawanywa kwa mbao, kanisa la Wakongo chini yao. Chiku akapata nafasi yake kwenye stendi ya teksi, daladala za kule. Mwaka wa pili yule kijana wa jiko akatokea pale, sasa mpanga foleni, fimbo mkononi. Akanunua maandazi. Chiku alimtambua. Akamuuliza kama jiko lake linawaka vizuri. Kijana akala, macho chini. Kesho yake akarudi, na siku zote baadaye, na Chiku akamwita mkwe.

"Mtu akikutukana bado anakuona," Chiku alikuwa akimwambia Bakiri. "Muogope asiyekutukana."

Shufaa alikua, akaolewa na Fahad, kijana wa Tanga, mpishi wa hoteli huko Durban. Shufaa naye akapata kazi ya mapokezi hoteli hiyo hiyo. Baridi ikiingia, watu wa Johannesburg hushuka Durban kuota jua la baharini, na wakishuka wao, Fahad na mkewe hawapati hata nafasi ya kukaa. Kwa hiyo shule zikifungwa mwezi wa sita, mtoto wao alipelekwa njia ya kinyume. Wenzake walishuka kwenye joto, yeye alipandishwa kwenye baridi. Miaka miwili ya kwanza alikuja siku nne tu, na mama yake. Mwaka ule kwa mara ya kwanza alikuwa anapewa likizo nzima, wiki tatu, peke yake.

Chiku aliingojea likizo ile kama watu wanavyongojea Idi. Alinunua blanketi la picha ya chui. Alimwambia kila mtu stendi kwamba mke mwenzake anakuja.

Mwanzoni mwa mwezi huo wa sita dawa zake za presha zilikuwa zimekwisha. Alikwenda klinikini alikozoea. Getini akakuta watu wamesimama, fulana za rangi moja, wanauliza vitambulisho, mgeni haingii. Mmoja hakumwuliza hata. Aliitazama khanga yake, akanyoosha kidole barabarani. Chiku akamtania kwa Kizulu: mwanangu, mfukuze mama mkwe wako lakini umsalimie kwanza. Yule mtu hakucheka. Hakukasirika pia. Kidole kilibaki pale pale.

Alirudi nyumbani akakaa kitandani na ushungi wake.

"Hakunitukana hata," alimwambia Bakiri. "Alinitazama kama tundu la ukuta."

Juma lililofuata akaenda tena. Kidole kile kile.

Bakiri akasema wamwambie Shufaa, atafute dawa Durban. Chiku akamshika mkono, akamkazia macho. "Ukimwambia, mtoto haji. Nani anamwachia mgonjwa mwanawe? Likizo ikiisha tutasema." Akamlisha kiapo, mkono juu ya Msahafu. Bakiri akaapa. Alikuwa anamtaka mtoto yeye pia.

Likizo iliisha Jumamosi. Chiku aliisha Ijumaa.

Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Zuhura alishuka garini na sanduku la waridi lenye magurudumu, na Chiku, mbele ya jengo zima, akamwambia: "Tazameni, ameshahamia. Hata sanduku la mahari amelibeba mwenyewe." Akamwambia ana miguu ya korongo na kichwa cha andazi lisiloumuka. Akamwambia asithubutu kulala upande wa ukuta, ule ni wa mke mkubwa. Mtoto alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anaaga, anaangalia saa.

Usiku na asubuhi mtoto alilia, kwa kificho, uso kwenye chui wa blanketi. Siku ya tano akampigia mama yake simu kutoka ukumbini. Jioni Shufaa akampigia Chiku. Bakiri alisikia yote, maana simu ya Chiku ilikuwa na sauti ya redio.

Shufaa aliuliza kwa nini mtoto wake anaitwa mwizi. Chiku akacheka, akasema kwa sababu ni mwizi, amenaswa na mume wa mtu.

"Mama, mimi hukunitania hata siku moja," Shufaa alisema. "Nilikuwa natamani unichekee. Leo unamtukana mwanangu?"

Chiku akakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Ilikuwa ajabu kumwona. Shufaa akasema angemchukua mtoto siku hiyo hiyo kama si kazi. Atakuja Jumamosi ya mwisho wa likizo, na mwakani wataona. Lakini asifikiri mtoto atarudi kama amelia tena.

Hapo palihitaji maneno kumi. Mtu angechukua simu, akasema, mwanangu, bibi na mjukuu kwetu ndivyo, nawe ungetukanwa hivi hivi kama bibi zako wangekuwepo. Bakiri hakuwa mtu wa maneno kumi. Aliona atalitengeneza kwa njia yake, kama kiatu, kutoka ndani.

Akaanza kumpeleka mtoto kwenye kona yake ya kushonea. Akampa nta ashike, akampa misumari midogo aipange. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba bibi yake hamchukii. Mwite mzee. Mwambie hana meno. Akikuita mwizi, mwambie mali isiyolindwa huibiwa. Mtoto alisikiliza, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama Chiku. Lakini maneno yalikuwa marefu, ulimi ukakataa. Ndipo Bakiri akamtafutia fupi. Lile ndilo jibu la kwanza ambalo kila mtoto wa Pangani hujifunza, kabla hajajua hata kufunga viatu: tangulia wewe, mimi nitabaki na mume. Mtoto alilirudia siku tatu, kwa kunong'ona, huku anapanga misumari.

Na kabla hata hajalisema, mambo yalikuwa yameanza kubadilika yenyewe. Alianza kukanda unga na bibi yake. Chiku alimpiga vibao mkononi, akamwambia anakanda kama anayembembeleza mtoto wa kambo. Alilala ubavuni mwake, upande wa ukuta. Stendi aliita wateja kwa Kizulu safi kuliko cha bibi, na madereva wakanunua kwa ajili yake. Chiku akawaambia: "Huyu mke mwenzangu nimeletewa kutoka Durban, kama samaki wa barafu. Bado anayeyuka." Wiki ya mwisho mtoto alikuwa anacheka kabla tusi halijaisha. Bakiri alimwona mkewe anapumzika kila ngazi ya tano wakipanda, mkono ukutani, akijifanya anamsubiri korongo. Aliona. Alikuwa ameapa.

Basi ile Ijumaa, baada ya sentensi ile, wote watatu walishuka stendi. Chiku hakuuza, alisimulia. Kila aliyekuja alisimuliwa, na kila aliyejua Kiswahili mtoto alirudia mbele yake. Vuai, Mzanzibari anayeuza mikanda na kofia za sufu, alisikia mara mbili. Kila mara Chiku alijibu kwa kujifanya amekufa: aligeuza macho, akatoa ulimi, akaegemea rundo la makreti. Mtoto alikuwa hoi kwa kicheko.

Karibu na saa tano Chiku akashika kichwa. Akaketi juu ya kreti. Mdomo wake ukashuka upande mmoja, na jicho la upande ule likashuka nalo.

Zuhura akacheka. Akaja mbele yake, mikono kiunoni, akasema sentensi yake tena, kwa sauti, maana alidhani ndiyo zamu yake.

Akaisema mara ya pili. Chiku akateleza kutoka kwenye kreti.

Bakiri alikuwa kona yake, hatua ishirini. Alipofika, yule wa jiko alikuwa ameshatupa fimbo, amemwinua Chiku mikononi, anawafukuza abiria kwenye teksi. Aliendesha mwenyewe. Alipita robot tatu, taa za barabarani, zote nyekundu, akipiga honi, akilia kama mtoto, na hospitali aligombana getini mpaka wakafungua. Chiku hakufungua jicho tena. Madaktari walimwita Bakiri kabla ya adhana ya alasiri.

Shufaa na Fahad walifika baada ya isha. Walimzika Jumamosi adhuhuri, ardhi ngumu kwa baridi, wachimbaji wanatoa moshi midomoni. Zuhura hakulia. Alikaa kwenye pembe ya chumba, viatu vya shule miguuni, soli mpya. Watu walimsifu kwa utulivu.

Siku ya tatu Shufaa alimtoa mtoto neno. Wanaume walikuwa wamekaa ukumbini kwenye mkeka, na kahawa. Shufaa akatoka chumbani, akasimama mbele ya baba yake, ushungi umeanguka mabegani.

"Baba, wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kumwombea mama kifo?"

Bakiri akaweka kikombe chini.

"Nilimfundisha," Bakiri alisema.

Mzee mmoja akanong'ona kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Vuai ndiye aliyejaribu. Alisema, mwanangu Shufaa, huo ni utani, kwetu sisi bibi na mjukuu...

"Kwetu wapi?" Shufaa akamkata. "Mimi kwetu ni hapa. Mwanangu halali. Ananiuliza kama polisi watakuja. Nendeni nao utani wenu."

Bakiri alikuwa na maneno mawili ya kusema. La kwanza, kwamba dawa zilikwisha, na Chiku alikataliwa getini, na walificha. Lakini hilo lingekuwa kumvua marehemu nguo siku ya tatu, na yeye mwenyewe pamoja naye. La pili lilikuwa lile neno la Chiku la asubuhi. Nalo lilikuwa na kifo ndani yake. Nani angeleta kifo kingine mbele ya mwanamke yule? Akameza yote mawili. Walipoondoka, Shufaa hakumpa mkono. Mtoto alimpa, kwa mikono miwili, kichwa chini, akamwambia shikamoo.

Likapita joto, ikarudi baridi.

Fahad alikuwa akipiga simu siku za Ijumaa, akiwa jikoni hotelini, vyombo vinagongana nyuma yake. Alisema mtoto hataki kusikia Kiswahili. Mtu akikisema, anatoka chumbani. Hagombani na mtu. Akinyang'anywa penseli anashukuru. Akikanyagwa anaomba radhi. Mwalimu ameandika kwamba hakuna mtoto mwenye adabu kama yeye darasani, na Shufaa ameibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji.

"Baba," Fahad alisema siku moja, "huyu mtoto anauogopa mdomo wake."

Kwa Bakiri nako hapakuwa na wa kumtukana. Jocelyne alimletea fufu, ugali wa kwao, na kumwambia pole. Vuai alimwambia pole. Yule wa jiko alipanda ghorofa nne kumwambia pole, akakaa, akatazama mahali jiko lilipo, akashuka. Mwaka wa pole. Bakiri aliweka soli mbili kwenye kiatu cha kushoto cha mteja bila kujua, akalazimika kuing'oa moja.

Mwezi wa saba Shufaa akasema watakuja siku moja tu, kwa hitima ya mwaka, na kuchukua nguo za mama yake zilizobaki. Zuhura hatalala. Bakiri alinunua unga na hiliki hata hivyo.

Walikuja. Fahad alipanda, Shufaa alipanda. Mtoto hakupanda. Alikataa kushuka garini, kwa adabu, kwa Kiingereza, akasema atawasubiri. Walisoma hitima bila yeye. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, Fahad akashuka kukaa na mwanawe, na Shufaa akaanza kukunja khanga za mama yake na kuzipanga kwenye mfuko.

Bakiri alisimama mlangoni.

"Kabla hujaenda nina neno," alisema.

Shufaa aliendelea kukunja. Bakiri akamwambia. Alimwambia dawa za presha, geti, kidole, mara ya kwanza na mara ya pili. Alimwambia kiapo. Hayakuwa maneno kumi, yalikuwa mengi, na yalitoka kama misumari iliyopinda, moja moja, kila moja kwa kuvutwa. Alipofika mahali pa ngazi, Chiku na mkono ukutani, Shufaa akaacha kukunja.

"Mlijua."

"Tulijua."

"Mkaniacha nikamlete mwanangu akae na mtu anayekufa. Amwone anakufa."

"Aliogopa hutamleta."

"Nisingemleta." Shufaa aliketi juu ya ndoo ya unga. Kifuniko chake bado kilikuwa kimebonyea. "Mwaka mzima namtazama mwanangu anajiona muuaji. Nawe umekaa na hili. Kumbe muuaji ni wewe."

"Ni mimi," Bakiri alisema. "Shuka ukamwambie hivyo. Mwambie ni babu."

Shufaa alimtazama baba yake. Hakukuwa na huruma katika macho yale. Alikuwa na macho ya mama yake lakini bila kicheko.

"Hapana," alisema. "Utashuka wewe. Ukamwambie kwa kinywa chako."

Bakiri akashuka ghorofa nne, akipumzika kila ngazi ya tano. Nje upepo ulikuwa unapeperusha plastiki za maduka ya jumla, wauza matofaa wamejifunga mablanketi. Fahad alipomwona akaondoka garini, akasimama mbali, akajifanya anatazama simu.

Mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Alikuwa amerefuka. Kioo kimefungwa. Alipomwona babu yake alisogeza midomo nyuma ya kioo: shikamoo. Bakiri hakuitikia marahaba. Aliinama, mkono juu ya paa la gari, akaanza kusema na kioo. Alisema bibi yake alikuwa mgonjwa kabla yeye hajaja. Alisema dawa ziliisha, watu wabaya wakamzuia, na kwamba babu alijua na hakusema. Alisema sentensi ile babu ndiye aliyemfundisha, si yake, na kila mtoto wa Pangani huisema, na mabibi wa Pangani hawafi kwa hiyo, hunenepa.

Mtoto alitazama mbele, kiti cha baba yake. Bakiri akadhani hakusikia. Pumzi yake ilikuwa imetia ukungu kwenye kioo, hakuwa anamwona vizuri. Akanyoosha mgongo aondoke.

Kioo kikashuka, upana wa vidole vinne.

Zuhura aliuliza kwa Kiingereza, sauti ndogo, bila kugeuka. Aliuliza kama bibi alikasirika asubuhi ile, yeye alipokwenda kuoga. Alisikia wanasema kitu. Alitaka kujua bibi alisema nini.

Shufaa alikuwa amefika mlangoni pa jengo, mfuko wa khanga mikononi. Akasimama hapo hapo. Bakiri alimwona, na neno lile lilikuwa na kifo ndani yake kama lilivyokuwa mwaka uliopita. Akainama tena kwenye uwazi wa kioo, akalitoa kama lilivyotoka kinywani mwa Chiku, hakupunguza wala hakuongeza:

"Sasa hata nikifa leo sina wasiwasi, Baba Shufaa. Nimekuachia wa kukutukana."